HATA MIDOLI SIKU HIZI INAPAKWA MKOROGO!

TUSIDANGANYANE jamani, mkorogo tunaujua. Hakuna mtaa Dar hii usiokuwa na mtu aliyejichubua mpaka uso umekuwa Fanta, halafu vifundo vya vidole vimegoma, vimebaki Coca-Cola. Akipita tunamcheka, akifika tunamsifia. Ndivyo tulivyo.

Leo lakini sizungumzii binadamu. Nazungumzia midoli. Ndiyo, midoli! Kuna watu wazima, wenye akili timamu na familia zao, wanaonunua dawa ya saluni, wanaipaka kwenye gari la kuchezea au TV gemu la mwaka arobaini na saba, kisha wanaanika juani na kukaa pembeni kulinda kama wanaanika mpunga. Mmoja wao ni mimi. Majirani wameshazoea. Mwanzoni walikuwa wanachungulia kwa juu ya ukuta, na mama mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nyumbani kwetu kuko salama.

Kama ulikulia mjini miaka ya tisini unaijua hiyo midude. TV gemu lenye kaseti za kupuliza kwa mdomo kabla ya kuchomeka. "Brick game" ya kupanga matofali mpaka betri ziishe. Vyote hivyo vilikuja vyeupe au kijivu cha kupendeza. Sasa fungua sanduku lililoko chini ya kitanda cha bi mkubwa uone maajabu: kile kilichokuwa cheupe pee kimekuwa na rangi ya meno ya mvuta kiko. Nenda Karume ukachambue midoli inayokuja na mitumba. Vitofali vya LEGO vilivyokuwa vyeupe kule Ulaya vinafika vikiwa na rangi ya samli.

Wengi wanadhani ni uchafu. Wengine wanasingizia moshi wa jiko la mchina. Basi mtu anakamata stilwaya na sabuni ya unga, anasugua kama anasugua sufuria ya ugali. Anaishia kuondoa ule mng'aro wa plastiki, njano yenyewe iko pale pale inamcheka. Haiwezi kutoka kwa kusugua kwa sababu haikupakwa. Imezaliwa humo humo ndani ya ngozi ya plastiki.

Ngoja nikupe darasa kidogo, halitauma. Plastiki nyingi ngumu ya midoli na ya vyombo vya umeme inaitwa ABS. Herufi tatu, vitu vitatu: akrilonitrili, butadieni na stireni. Usitishwe na majina, wewe mshike huyo wa katikati tu. Butadieni ndiye mpira. Ndiye anayefanya gari la mtoto lidondoke kwenye saruji lisipasuke kama sahani. LEGO, ile kampuni ya Denmark, ilihamia kwenye ABS mwaka 1963, maana plastiki yake ya mwanzo ilikuwa inapinda na kufifia.

Sasa huyo huyo mpira aliyeleta uimara ndiye mwenye udhaifu. Oksijeni iliyoko hewani, ikisaidiwa na joto na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, inamla taratibu mwaka hadi mwaka. Anavyoliwa, ndani ya plastiki vinajitengeneza viunganishi vipya vyenye rangi ya njano. Ichukulie kama kutu, tofauti yake haichafui mkono.

Kuna wanaomtupia lawama bromini, dawa iliyokuwa ikichanganywa kwenye plastiki za vyombo vya umeme ili visishike moto kirahisi. Labda ana mkono wake. Lakini vitofali vya LEGO si vyombo vya umeme na bado vinageuka samli, kwa hiyo kesi yote huwezi kumbebesha yeye. Angalia pia Super Nintendo, gemu lililoingia Marekani mwaka 1991. Wanaozikusanya wanakutana na kituko kila siku: bamba la juu njano kama embe, la chini kijivu safi. Gemu moja, nyumba moja, jua moja. Plastiki ya juu na ya chini hazikupikwa chungu kimoja, basi.

Dawa ya tatizo hili haikutoka kwenye maabara ya wakubwa. Waliileta wapenzi wa kompyuta za zamani huko Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 walishaona kwamba peroksaidi ya haidrojeni, ikikutana na jua, inarudisha weupe. Wakachanganya peroksaidi hiyo na unga wa kuondoa madoa kwenye nguo, wakatia unga wa kuleta uzito ili mchanganyiko unate kama uji, wakaubatiza Retr0bright. Hiyo o wameiandika kwa sifuri, mbwembwe tu.

Halafu watu wa mkato, ambao hawakosekani popote, wakashtuka: kumbe huo uji umejaa saluni! Ile krimu ya kupaushia nywele, divelopa, ni peroksaidi ile ile. Iliyoandikwa 20 ina asilimia 6, ya 30 ina asilimia 9, ya 40 ina asilimia 12. Hapo ndipo na mimi nikaingia mjini. Nilipofika dukani na kuomba ya 40, dada aliyekuwa kaunta akakiangalia kichwa changu, ambacho nywele zilishakihama, akaniuliza, "Kaka, samahani, unaipaka wapi?" Nikamwambia kwenye mdoli. Akanikabidhi chenji bila neno la pili.

Sisi wa Bongo tuna bahati ambayo hatujaihesabu. Mzungu akitaka kufanya kazi hii inabidi asubiri kiangazi au anunue taa maalumu za urujuanimno. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hapa haliombwi. Ukiacha masika, taa yetu inawaka bure na hakuna mgawo.

Namna yenyewe ni hivi. Kwanza kamata bisibisi, fungua kila kitu. Toa bodi, waya, spika, skrubu na springi, kwa sababu dawa hii ikigusa chuma inakiwahisha kutu. Bandua stika kama inabanduka. Osha plastiki kwa sabuni na mswaki laini, kausha. Vaa glavu na miwani. Hapa sitanii. Peroksaidi ya nguvu hiyo ikigusa ngozi inakuchoma na kuacha doa jeupe linalowasha, na ikiingia jichoni utajuta kuijua. Watoto wakae mbali. Usiichanganye na siki wala na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, na usiifungie kwenye chombo kilichobanwa kifuniko ukakiacha juani. Inatoa oksijeni, na ikikosa pa kutokea itapasua hicho chombo.

Kisha paka krimu, iwe nzito na iwe sawa kila mahali. Funika kwa nailoni ya kufungia chakula ili isikauke. Anika kuanzia saa nne. Kila baada ya nusu saa hivi geuza, papasa juu ya nailoni krimu itembee, ongeza palipopungua. Hii ndiyo roho ya kazi nzima. Krimu ikikauka sehemu moja na kubaki mbichi sehemu nyingine, unapata mabaka kama ng'ombe wa maziwa, na mabaka hayo ni magumu kuondoa kuliko njano yenyewe. Ndiyo maana mafundi wazoefu wanaacha krimu kabisa, wanazamisha kitu chote kwenye beseni la peroksaidi ya maji. Inagharimu zaidi lakini inashika sawasawa.

Plastiki ya rangi iogope. Nyekundu inaweza ikatoka kama pinki, na maandishi yaliyochapwa yanaweza kufifia. Na wanasesere wale laini, akina Barbie, wana mambo yao mengine, usiwatumbukize humo. Ila kama mwanao kamchora mwanasesere usoni kwa kalamu ya wino, wakusanyaji wana ujanja wao: dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, ukaipaka kwenye doa na kumweka juani. Hata mdoli ana chunusi zake.

Baada ya saa kadhaa unaona. Mara ya kwanza nilifungua nailoni nikapiga kelele, mbwa wa jirani akabweka. Njano imeyeyuka! Kitu kimerudi kama kimetoka kwenye boksi leo asubuhi.

Sasa rudi kwenye mkorogo, maana sikuuanza kwa bahati mbaya. Ile dawa inavunja rangi. Mpira ulioliwa hairudishi. Gemu linatoka na sura ya mtoto, lakini mifupa ni ile ile ya babu. Vile vimeno vya kubania vinakatika ukivigusa, nguzo za skrubu zinapasuka. Na njano yenyewe inajua njia ya kurudi. Wapo waliosafisha vitu vyao, wakavifungia gizani kabisa, baada ya miaka michache wakafungua boksi wakaikuta imeshajirudia. Ndiyo maana wahifadhi wa makumbusho hawana papara na hizi krimu. Wao kitu wanakiweka gizani na penye ubaridi, kizeeke kwa adabu.

Mimi nilikuwa siwajali hao wahifadhi, nikiwaona waoga tu, mpaka shemeji alipokuja na mfuko wa rambo.

Ndani ya mfuko kulikuwa na TV gemu letu. Nasema letu kwa maana ya nyumba nzima. Ni kopi ya Famicom, ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 na kuigizwa dunia nzima. Mdingi alikuwa baharia, akalileta kutoka Dubai mwaka 1993. Kwa vijana wa leo niwakumbushe: mwaka huo Zanzibar wana televisheni yao tangu 1973, lakini Bara hatuna kituo hata kimoja. Vilianza mwaka 1994. TV sebuleni ilikuwa ya kuangalizia deki tu. Kwa hiyo lile gemu lilipofika, watoto wa mtaa mzima walihamia kwetu. Bi mkubwa akaweka sheria ya kunawa miguu mlangoni.

Mwenyekiti wa gemu alikuwa kaka yangu. Yeye ndiye aliyepanga zamu, na yeye ndiye aliyepuliza kaseti, wengine tuliambiwa tuna mate. Kaka alifariki mwaka 2014, akaacha mke na mtoto wa miaka miwili. Gemu lilikaa kwa bi mkubwa miaka yote, juu ya kabati, pembeni ya dirisha. Jua la asubuhi lilikuwa linalipiga kila siku ya Mungu. Unaweza kukisia limekuwa na rangi gani.

"Shem," akaniambia shemeji, "wewe si ndiye bingwa wa haya mambo? Lisafishe. Kijana anataka kuliweka chumbani kwake, ila anaona aibu kwa wenzake. Anasema kama limetolewa jalalani."

Kazi ndogo, nikasema. Nikaligeuza nitafute skrubu. Hapo nikakaa kimya.

Chini ya gemu, kwa maka peni, ulikuwa mwandiko wa kaka. Nilishausahau kabisa. Umejaa bamba zima, mwingine umepita juu ya mwingine. MARIO 8-4 TUMEMALIZA 11/7/94. Hiyo 8-4 ndiyo hatua ya mwisho, pale unapomkomboa binti mfalme. Kulikuwa na majina ya wadaiwa wa zamu, alama za waliovunja sheria, na pembeni karibu na skrubu, kwa herufi kubwa kabisa: DOGO HAJUI KURUKA.

Sasa msomaji, peroksaidi na jua havichagui. Haviulizi hii ni njano ya uzee au ni wino wa marehemu. Vinafuta vyote.

Nikampigia bi mkubwa simu, kumbe alikuwa hajui kama gemu limeshatolewa kabatini. Nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani vocha imekata. Kisha akasema, "Mwanangu, huko juu fanyeni mtakavyo. Kile kipande cha chini kikirudi kwangu kimefutika, nitakudai mpaka kaburini."

Shemeji akaja juu. Si kwamba hajali, ni kwamba yeye anafikiria mtoto aliye hai. "Kwa hiyo juu liwe jeupe, chini libaki njano? Shem, unamletea mwanangu gemu lenye mkorogo?" Na alikuwa na hoja. Huyo mtoto hakumjua baba yake. Hana kumbukumbu ya kulinda, anachotaka ni kitu kizuri cha kuchezea na cha kuwaringishia wenzake. Ukimpa kitu chenye sura ya makumbusho hatakigusa, kitarudi juu ya kabati, na huko dirishani wino utaliwa na mwanga vile vile, taratibu bila mtu kujua. Bi mkubwa naye alikuwa na hoja yake, tena hakuhitaji kuieleza.

Tulivutana siku tatu. Kilichotuokoa ni skrubu. Hizi mashine zimetengenezwa kwa mabamba mawili, ya juu na ya chini, unayatenganisha kama mkate uliokatwa. La chini nikalipangusa kwa kitambaa kikavu pembeni tu, bila kugusa maandishi, nikalifunga kwenye gazeti na kulitia droo. La juu nikalipeleka uani.

Siku mbili lilikaa juani. Kimeno kimoja cha kubania kilikatika hata krimu sijafungua, nilikishika tu, kikalia kama biskuti. Nguzo mbili za skrubu nilizikuta na nyufa, nikaziimarisha kwa gundi. Pedi mbili za kuchezea nilizitazama sana. Pedi ya kwanza, ya mwenyekiti, imelika upande wa kushoto palipokuwa pakikaa kidole gumba, imekuwa laini na inang'aa kama kete ya bao. Ile sikuipaka kitu. Ya pili nikaipaka, ikatakata.

Jumapili nikalipeleka kwa bi mkubwa. Shemeji alikuwepo na kijana naye. Nilishanunua kile kifaa cha kugeuza waya za AV ziweze kuingia kwenye TV bapa, maana hizi za kisasa hazitambui wazee. Juu lilikuwa linameremeta. Kijana akaguna, "Daah, kumbe lilikuwa hivi?" Shemeji akatabasamu. Bi mkubwa hakutazama juu hata kidogo. Alivaa miwani, akaligeuza, akaliweka mapajani na kuanza kusoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja, kidole kikifuata wino. Tarehe. Mario. Wadaiwa, kila jina akilitaja na mtu huyo alipo sasa: huyu yuko Mwanza, huyu Muscat, huyu katangulia. Kijana alisogea, akakaa sakafuni miguuni pake, akawa anaulizia kila mmoja.

Wakafika karibu na skrubu.

"Bibi, huyu Dogo asiyejua kuruka ni nani?"

Bi mkubwa akanionyesha kwa kidole bila kuinua uso.

Kijana alicheka mpaka akalala chini. Alipoinuka akachomeka kaseti, akaipuliza kwanza, sijui nani alimfundisha. Akachukua ile pedi iliyolika, nyeupe akanirushia mimi.

"Ba'mdogo," akasema, "haya, ruka."